Nyundo ya Umeme: Faida Yake ni ya Nani?



Maneno yamekuwa mengi siku hizi juu ya nyundo ya umeme. Ukipita kwenye mijengo ya Nyeri mjini, Karatina au Nanyuki, utawakuta vijana wa Giakanja na wa pande nyingine za Tetu wameishika mikononi, wakivunja sakafu kuukuu, wakichimba msingi penye mwamba, au wakitoboa ukuta wa zege ili bomba lipite. Kazi hiyo zamani ilikuwa ya kompresa ya dizeli na mipira yake mirefu ya upepo, au ya ile breka kubwa ifungwayo kwenye mkono wa mashine ya kuchimba na kusukumwa na mafuta. Wako wanaosema nyundo ya umeme ni adui, kwa kuwa imewanyima watu kazi. Wako wanaosema ni baraka, kwa kuwa haina moshi. Chama chapenda kuwauliza wote wawili: je, pesa zinazookolewa na nyundo hii huingia mfuko wa nani?

Tuanze na ile ya mafuta, maana wengi wameifanyia kazi miaka mingi bila kuelezwa inavyokwenda. Injini ya dizeli huzungusha pampu. Pampu husukuma mafuta kwa nguvu kupitia mipira mpaka ndani ya breka, na humo mafuta hurusha chuma kizito juu na chini, kisaidiwe na gesi ya naitrojeni iliyofungiwa kichwani, nacho kikaligonga tindo. Breka za namna hiyo zilianza kuuzwa katika miaka ya 1960, na kiwanda cha Krupp cha Ujerumani kilikuwa miongoni mwa vya mbele. Zilikuwa ajabu wakati wake. Lakini tazama safari ya ile nguvu: kutoka dizeli mpaka injini, injini mpaka pampu, pampu mpaka mipira, mipira mpaka vali, vali mpaka chuma. Kila mahali inapopita hupungua, na sehemu kubwa hupotea ikawa joto tu. Ndiyo maana mafuta huchemka na mashine hudai kupumzishwa.

Tena breka hiyo ina hatari ambayo nyapara wengi hawaisemi. Mafuta yaliyo ndani ya mpira yana mgandamizo uliozidi ule wa gurudumu la gari zaidi ya mara hamsini. Mpira ukitoboka tundu dogo kama la sindano, mafuta huweza kupenya ngozi ya mkono na kuingia ndani. Kidonda chaonekana kidogo, mtu ajifunge kitambaa na kuendelea na kazi, kumbe mkono unaoza. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na daktari aambiwe wazi kwamba ni mafuta ya mgandamizo, si kidonda cha kawaida. Jambo hili tumeliweka hapa kwa sababu breka za mafuta bado ziko nyingi. Wengi wetu tumeziona katika ujenzi wa barabara ya Kenol, Sagana na Marua, kilomita 84, ulioanza mwaka wa 2020. Usitafute kamwe kwa kidole mahali mpira unapovuja.

Sasa umeme. Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo, maana nyundo za umeme ziko za aina mbili, na faida zake kwa mfanya kazi hazifanani hata kidogo.

Ya kwanza ni kubwa, hufungwa kwenye mkono wa mashine mahali pa breka ya mafuta. Kampuni ya Lekatech ya Finland hutengeneza ya aina hiyo kwa ajili ya migodi na machimbo ya mawe. Ndani yake hamna mafuta ya kusukuma chuma. Nguvu ya sumaku ya umeme yenyewe ndiyo irushayo kile chuma, kwa hiyo ile safari ndefu tuliyoieleza imekatwa, na mwendeshaji aweza kuongeza au kupunguza pigo kama mwamba unavyotaka. Mafuta hayamwagiki, mpira haupasuki, na mtu bado amekaa kitini mbali na pigo. Katika mgodi wa chini ya ardhi, ambako moshi wa dizeli hauna mahali pa kutokea, hilo si jambo dogo. Tungeipokea nyundo hiyo kwa mikono miwili.

Lakini siyo hiyo tunayoiona mijengoni kwetu. Iliyotufikia ni ya pili, ndogo, ya kushikwa kwa mikono. Si ngeni duniani. Bosch ya Ujerumani iliuza ya kwanza kwake mwaka wa 1932. Uzito wake waweza kuwa kilo 15, nyingine kilo 30, na humeza umeme wa wati 1,500 au 2,000. Tajiri huipenda kwa sababu iliyo wazi. Hahitaji kukodi mashine kubwa, hanunui dizeli ya kompresa, halipi opereta, halipi tanboi, wala halipi fundi wa mipira. Anatafuta kijana mmoja mwenye mabega, anampa nyundo, na jioni anamlipa ujira ule ule wa mtu wa kubeba mchanga.

Hapo ndipo ugomvi wetu ulipo. Breka iliyofungwa kwenye mashine, kwa ubaya wake wote, pigo lake lilimezwa na chuma cha mashine. Hii ndogo pigo lake lamezwa na mifupa ya kibarua. Tajiri ameondoa gharama katika daftari lake akaiweka ndani ya mkono wa mtu, na mkono hauandikiwi hesabu.

Mtu asidhani twasema kwa kukisia. Mwaka wa 1918 daktari mmoja mwanamke wa Marekani, Alice Hamilton, alikwenda Bedford katika jimbo la Indiana kuwapima wachonga mawe waliokuwa wakitumia nyundo za upepo. Aliwakuta vidole vimekuwa vyeupe kama vya maiti, havina hisia, hasa asubuhi za baridi. Sababu ni mtikisiko: mishipa ya damu ya vidole hujikunja, na baridi huizidisha kukunjika. Ugonjwa ukishakomaa, mtu hushindwa kufunga kifungo cha shati lake. Sasa fikirini Giakanja mwezi wa Julai, ukungu umeshuka kutoka Nyandarua, saa moja ya asubuhi, na kijana anaianza nyundo bila glavu na bila hata chai ya moto. Bedford ni mbali, lakini vidole ni vile vile.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya kanuni ya mwaka wa 2002 humlazimisha mwajiri kuujua mtikisiko wa chombo na kuhesabu ni muda gani mtu aweza kukishika kwa siku moja. Kwetu mtu hukishika toka asubuhi mpaka jioni, tena husifiwa kwa kutochoka. Ushauri wetu ni kwamba watu wawili wapokezane nyundo moja, kila mmoja ashike kwa muda mfupi halafu afanye kazi nyingine huku mikono ikipata moto. Tajiri atasema hiyo ni gharama ya mtu wa pili. Na alipokuwa na breka ya mafuta alikuwa na watu wangapi?

Juu ya vumbi tutasema kidogo tu, kwa kuwa tumeshasema mara nyingi. Vumbi la mawe mengi na la zege lina silika, na silika hukausha mapafu polepole, ugonjwa usio na dawa ya kuuponya. Pale Gauley Bridge, Marekani, mwaka wa 1930 na 1931, mamia ya wachimba handaki, wengi wao watu weusi, walikufa kwa kuchimba mwamba mkavu bila maji. Dawa ya zamani ya vumbi ni maji. Lakini maji na nyundo ya umeme havipatani, kwa hiyo nyundo hii imekuja na shida ambayo ile ya upepo haikuwa nayo. Hapana budi vumbi livutwe na mashine pale pale linapotoka, na mtu apewe kinyago halisi cha kuchuja vumbi. Kitambaa cha kujifunga puani huzuia aibu tu, hakizuii silika.

Na tukiwa kwenye maji, tutazame waya. Umeme wetu wa Kenya ni volti 240, nao unatosha kuua. Huku kwetu ardhi hulowana miezi mingi, na waya za kuunganisha mijengoni twazijua: zimefungwa viraka vya nailoni, zimelala matopeni, toroli lapita juu yake. Uingereza, nchi ambayo makampuni yetu hupenda kuitaja wanapotaka kazi ifanywe upesi, desturi ya mijengo ni kupitisha umeme kwenye transfoma hadi volti 110, na transfoma hiyo hufungwa kwa namna ambayo mtu akiguswa na waya mmoja hupata volti 55 tu kati yake na ardhi. Atashtuka, ataruka, atakwenda nyumbani kwake jioni. Transfoma ya namna hiyo yanunulika. Mahali ambapo haipo, basi iwepo walau ile swichi ijikatayo yenyewe mara umeme unapovuja. Asiye na mojawapo hana haki ya kumpa mtu nyundo siku ya mvua.

Kuna jambo la ajabu kidogo katika habari hii. Maji ya Chania na Gura hushuka hapa kwetu, yakaingia Tana, yakazungusha mitambo ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na umeme wake ukasambazwa nchini. Mjengoni nao ukikatika, tajiri huwasha jenereta ya dizeli. Basi ule moshi tulioambiwa umekwisha umehama tu kutoka kwenye kompresa hadi kwenye jenereta, nayo mara nyingi huwekwa ndani ya jengo ili isiibwe. Moshi wa jenereta ndani ya chumba huua mtu bila kumwamsha. Ikae nje.

Wazee wetu wanaijua nyundo. Uwanja wa ndege wa Embakasi, uliofunguliwa mwaka wa 1958, ulijengwa kwa jasho la wafungwa wa wakati wa Hali ya Hatari, na wengi walikuwa watu wa milima hii. Walivunja mawe kwa mikono bila mshahara na bila kuulizwa. Hatuyataji haya ili turudi kwenye nyundo ya mkono. Hakuna mtu mwenye akili anayeililia. Tunayataja kwa sababu kijana wa leo akilipwa ujira wa kubeba mchanga kwa kazi ya kuvunja mwamba, tofauti yake na babu yake imekuwa ndogo kuliko inavyopasa.

Sasa haki zenu kwa sheria iliyopo. Opereta na tanboi wanaoambiwa waende nyumbani kwa kuwa mashine imekuja, wajue kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007. Mwajiri hana budi kukiarifu chama na ofisi ya kazi mwezi mmoja kabla, aeleze sababu na idadi ya watu, naye alipe siku zisizopungua 15 za mshahara kwa kila mwaka uliotimia kazini. Kibarua naye asome kifungu cha 37: akifanya kazi mfululizo siku ambazo kwa jumla hazipungui mwezi mmoja, huhesabiwa mtu wa mshahara wa mwezi, hata akiitwa kibarua kila asubuhi. Mahali penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, kwa sheria ya usalama kazini ya mwaka huo huo wa 2007. Na kanuni za kelele za mwaka wa 2005 zinasema mtu asikae kwenye kelele ya desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8. Nyundo ikigonga ndani ya chumba, kipimo hicho hupitwa kwa urahisi, kwa hiyo viziba masikio si zawadi ya nyapara.

Yale tunayoyataka juu ya sheria ni haya. Mshika nyundo aandikwe kuwa mwendeshaji wa chombo, alipwe hivyo, na apewe nafasi ya kufanya jaribio la NITA ili awe na cheti cha kumfuata kila aendako. Opereta wa breka ya mafuta afundishwe ile ya umeme kabla ya kuletwa mtu mpya, maana yeye ndiye aujuaye mwamba. Anajua utakapopasuka kwa kuusikia, na ujuzi huo hauuzwi pamoja na mashine.

Mwisho ni habari ya kukodi. Wako matajiri wanaowaambia vijana waje na nyundo yao wenyewe, waikodi dukani kwa siku, halafu walipwe kwa kipimo cha kazi. Siku ya mvua hakuna kazi, na kodi ya nyundo inadaiwa. Tindo likivunjika ni lako, umeme ukikupiga umejipiga mwenyewe, na bima ya kuumia kazini haikujui, ati kwa kuwa wewe ni mkandarasi. Aliyeletewa karatasi ya namna hiyo asiitie sahihi. Ailete kwa katibu wa tawi, pamoja na jina la mjengo na tarehe aliyoanza kazi, na wenzake waliokwisha kutia sahihi waje naye.