Nani Aliye Mvivu?

Liko neno linalosemwa sana katika vijiji vyetu vya Handeni na Korogwe, hata mlangoni pa kanisa baada ya ibada, nalo latuchoma moyo. Watu huwanyoshea kidole jirani zao walioandikwa katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, wakinena, "Wavivu hao, wala fedha za Serikali bure." Neno hili twalikataa.

Kwanza, tazameni kazi yenyewe. Mpango huu wa TASAF una sehemu iitwayo ajira za muda. Mwenye nguvu katika kaya maskini aliitwa kuchimba lambo, kutengeneza barabara au kupanda miti. Ujira wake ulikuwa shilingi 2,300 kwa siku; katika awamu ya pili, iliyozinduliwa mwaka 2020, ukawa shilingi 3,000, kwa siku zisizozidi 60 katika mwaka. Fanyeni hesabu: ni shilingi 180,000, tena chini ya jua la Handeni. Mvivu gani ashikaye sululu kwa ujira huo?

Pili, ulizeni kwa nini hawana kazi. Babu zetu walikata mkonge Korogwe, na kipande cha siku 30 mkononi. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa tani 230,000 hivi, ikawa ya kwanza duniani. Kisha zikaja nyuzi za viwandani, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakawa pori. Je, mkata mkonge ndiye aliyeiangusha bei?

Wako wanaotujibu kwa neno la Mtume Paulo kwa Wathesalonike. Na walisome vema: Mtume amkemea asiyetaka kazi, wala si asiyeipata. Tena Bwana wetu alisimulia habari za watu waliosimama sokoni mpaka jioni kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuwaajiri. Mwenye shamba la mizabibu hakuwatukana. Aliwapa kazi, akawalipa.

Hatusemi kwamba Mpango hauna upungufu. Siku 60 zikiisha, zasalia 305, na njaa haijui kalenda. Tena lambo lisilozolewa tope hujaa, na jasho la maskini hupotea. Lakini hapo lawama yaturudia sisi. Mwenye ng'ombe wengi huwanywesha katika lambo lile kila siku; akiitwa kuzoa tope, ajibu, "Hiyo ni kazi ya TASAF." Basi, ndugu, nani aliye mvivu?

Twawasihi wazee wa kanisa na wote wenye mashamba: siku za Mpango zikiisha, waiteni jirani hawa kulima na kuvuna, na kuwalipa siku ile ile pasipo kuwazungusha. Mkutano wa kijiji ukikaa kutaja kaya maskini, tutaje kwa kweli, bila kupendelea jamaa zetu. Tena lambo likijaa tope, twende sote na majembe yetu. Na asiyeweza kufanya hata moja katika haya, basi na anyamaze.