Matusi ya Mkesha wa Harusi

Willy Russell, mwandishi wa Liverpool aliyewahi kuwa msusi kabla ya kushika kalamu, aliiweka tamthilia yake Stags and Hens ya mwaka 1978 pale ambapo mwenye haya asingethubutu: chooni. Ni usiku wa kuamkia harusi. Linda na shoga zake wamejazana choo cha wanawake cha ukumbi wa dansi, wenzake Dave wako cha wanaume, na Dave, bwana harusi mwenyewe, kalewa hajitambui. Vikundi vya ridhaa Uingereza huipenda, na sababu moja ni ya mfuko tu: mandhari yake ni milango na kuta za choo, na vijana kama kumi hupata cha kusema. Kishawishi ni kuyapunguza yale maneno machafu ili wazazi wa waigizaji wakae kwa raha. Huko ni kuing'oa tamthilia meno. Mizaha ya miili katika mchezo huu si chumvi ya kuongezea ladha, ni ua wa kujifichia. Watu wanataniana usiku kucha ili swali moja lisiulizwe: je, Linda anataka kuolewa? Linaibuka anapotokea Peter, mpenzi wake wa zamani aliyehamia London na kuwa mwanamuziki, na mwishowe bibi harusi anaondoka naye. Ondoa matusi, unabaki na msichana aliyebadili nia ghafla. Mtazamaji hana budi kucheka kwanza na wale shoga zake Linda, ndipo ashtushwe na alichokuwa akikichekea.

Atasema mtu kwamba hayo ni ya Wazungu, sisi tuna adabu zetu. Tunazo, na ndani ya adabu hizo matusi yana chumba chake. Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki mwaka 2013, alisifika kwa taarabu na kwa ngoma ya unyago vilevile, na sifa ya pili haikumwondolea ya kwanza. Lamu na Mombasa wanawake walipiga vugo harusini bila kuchagua sana maneno. Tofauti ni kwamba mwari wa pwani ana somo, kungwi wake, wa kumwuliza baada ya kicheko kuisha. Linda hana, ana shoga zake tu, nao wameshanunua nguo za harusi.

Hoja nzito zaidi ni ya mlango. Unyago kwa desturi hufungiwa ndani, wanawake peke yao, ilhali tamthilia humuuzia tiketi kila mpita njia. Hapa nakubali: nyimbo za unyago zisipandishwe jukwaani mbele ya wanaume, kama simu za mkononi zilivyokwisha kuzianika za kicheni pati. Lakini ukumbi nao una mlango, na umri waweza kuandikwa kwenye tangazo. Uingereza ilimweka ofisa wa kukagua tamthilia tangu 1737, ikaifuta kazi hiyo mwaka 1968, na ndoa hazikuisha. Kikundi cha Tanga au Mombasa kinachotaka kichekesho chake cha mkesha kiandike kipya, kwa mafumbo, mtu mzima avunjike mbavu na mtoto adhani habari ni ya muhogo na mchi. Wasichana wa kucheka watapatikana wengi. Kazi itakuwa kumpata wa kuigiza kungwi, awezaye kuyasema yote bila kutabasamu. Mtaani huwa mmoja, na ratiba yake imejaa hadi Ramadhani.