Miezi Sita Ndiyo Inayotutupa Chanika

Makamanda, kijana akipata kazi Dar lazima apewe ushauri uleule: chagua mtaa vizuri, angalia usafiri, angalia maji, angalia usalama, usikae mbali na kazi. Ushauri mzuri sana. Tatizo ni kwamba anayeambiwa achague hajapewa cha kuchagua. Na leo nataka tuongee kwa hesabu, maana kwenye suala la nyumba tumelalamika mno bila kuonyesha kidonda kiko wapi.

Mwaka jana nilihamia Dar kikazi kutoka Mbeya. Kazi iko Mwenge, mshahara 450,000, siku sita kwa wiki. Mfukoni nilikuwa na akiba ya 500,000. Nikatafuta chumba kimoja cha kawaida, sio masta, choo cha kuchangia. Sinza nikapata cha 150,000 kwa mwezi. Chanika nikapata cha 60,000. Sasa twende taratibu.

Sinza hadi Mwenge ni daladala moja, 600 kwenda na 600 kurudi. Kwa siku 26 za kazi ni 31,200. Jumlisha kodi, unapata 181,200 kwa mwezi. Chanika ni magari mawili, 2,000 kwenda na 2,000 kurudi. Siku 26 ni 104,000. Jumlisha kodi, unapata 164,000.

Umeona tofauti? 17,200 tu kwa mwezi. Huo "unafuu" wote wa kukaa pembezoni ndio huo. Na kwa hiyo 17,200 natoa masaa matatu zaidi barabarani kila siku, sawa na masaa 78 kwa mwezi. Gawanya mwenyewe: kila saa yangu imenunuliwa kwa shilingi 220. Hata chapati ya mama lishe huipati kwa hela hiyo.

Utaniuliza, sasa kwa nini usikae Sinza? Swali zuri, na jibu lake ndilo lililonifanya niandike. Mwenye nyumba wa Sinza anataka miezi sita mkupuo, 900,000. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja, 150,000. Kabla sijalala usiku hata mmoja nadaiwa 1,050,000. Chanika ni 360,000 na dalali 60,000, jumla 420,000. Nilikuwa na laki tano. Mtaa ukajichagua wenyewe, nikabaki na 80,000 ambayo hata nauli ya mwezi wa kwanza haitoshi.

Kwa hiyo tuache kusema vijana wanakimbilia Chanika, Chamazi, Kivule na Mbezi ya mbali kwa sababu kodi ya mjini imewashinda. Wengi kodi ya mwezi wangeimudu. Kinachowashinda ni miezi sita ya mkupuo. Mshahara unalipwa mwisho wa mwezi, baada ya jasho. Kodi inadaiwa nusu mwaka kabla ya jasho. Mwajiri wangu alinipa miezi mitatu ya majaribio, mwenye nyumba anataka uhakika wa miezi sita. Yaani natakiwa kumlipa mtu kwa kazi ambayo sijui kama bado nitakuwa nayo!

Na hapo sijagusa wale ambao hata Chanika hawaiwezi, au hawawezi kukaa mbali kwa sababu kibarua chao kinaanza alfajiri. Hao wanaishia mabondeni, kando ya Mto Msimbazi, ambako chumba ni rahisi kwa sababu kila mwenye macho anajua maji yatakuja. Yalikuja Desemba 2011, watu wakafa, na waliobaki wakapelekwa Mabwepande, huko mwisho wa jiji, mbali na vibarua vyao. Sera ya makazi ikawa hiyo: kaa kwenye maji au kaa mbali na mkate.

Sasa nani kasema iwe miezi sita? Hakuna sheria inayosema hivyo. Na hakuna sheria inayokataza. Zamani nchi hii ilikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za pango, ya mwaka 1984, na mabaraza ya nyumba ya kwenda kulalamika. Ilifutwa mwaka 2005. Unaweza kusema ilikuwa na kasoro zake, sawa, hilo linajadilika. Lakini walipoifuta hawakuweka kitu mahali pake cha kumlinda mpangaji wa chumba kimoja. Tangu hapo, bunge baada ya bunge, tumesikia ahadi ya chombo cha kusimamia sekta ya nyumba. Mawaziri wamebadilika, ahadi imebaki ileile.

Lakini serikali hiyohiyo ya CCM ikitaka hela, inajua kabisa mpangaji anaishi wapi. Agosti 2021 walianza kukata kodi ya jengo kwenye LUKU. Elfu moja kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 2023 ikapanda hadi 1,500. Kisheria mdaiwa ni mwenye jengo. Anayenunua umeme ni mpangaji. Tulipopiga kelele tukaambiwa tukaelewane na wenye nyumba zetu. Tukaelewane kwa nguvu ipi, wakati akisema "hama" nahama? Serikali iliyoweza kuingia ndani ya mita yangu ya umeme isiniambie kwamba imeshindwa kuingia kwenye mkataba wangu wa pango.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: mnawachukia wenye nyumba. Hapana. Wengi wao ni walimu wastaafu, mama zetu na baba zetu waliojenga tofali kwa tofali kwa miaka kumi. Wanadai miezi sita kwa sababu wanaogopa mpangaji atakayekaa bure halafu atokomee usiku na godoro lake. Hofu hiyo ni ya haki kabisa. Lakini dawa yake ni amana ya mwezi mmoja na baraza la kuamua shauri haraka, ili mwenye nyumba apate haki yake bila kuzungushwa mahakamani mwaka mzima. Majirani zetu Nairobi kawaida ni kodi ya mwezi na amana, na watu wanajenga na wanapangisha kila siku.

La pili: soko liachwe liamue. Soko gani? Dar ilikuwa na watu milioni 4.36 kwenye sensa ya 2012, ikafika milioni 5.38 mwaka 2022. Milioni nzima wameongezeka ndani ya miaka kumi. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa 1962 ili mwananchi wa kawaida apate pa kuishi. Niambieni, mfanyakazi gani wa laki nne na nusu anaziangalia nyumba zake mpya za Kawe na Morocco kama za kwake? Na kwamba haiwezekani, tusidanganyane. Magomeni Kota zimejengwa nyumba 644, katikati ya jiji, kwa ajili ya kaya zilizokuwa zikiishi hapo, zikazinduliwa 2022. Zilichelewa miaka, watu wakateseka, lakini zipo. Palipokuwa na shinikizo, serikali ilijenga.

La tatu ni lile la mitandaoni: kama Dar imekushinda rudi kwenu. Ndugu yangu, kazi iko Dar kwa sababu uchumi umerundikwa Dar kwa miaka sitini na kitu. Hatukuurundika sisi.

Kuna jambo jingine ambalo sisi kama jumuiya ya vijana hatulisemi. Mpangaji anayetupwa mbali na kuhama kila miezi sita ni mwananchi asiye na mtaa. Uchaguzi wa serikali za mitaa unakutaka ujiandikishe mtaa unaoishi. Anayetoka saa kumi na nusu alfajiri na kurudi saa tatu usiku, ambaye Januari yuko Chanika na Julai yuko Kitunda, atajiandikisha lini? Kikao cha tawi atakihudhuria lini? Mwaka 2024 waliwaengua wagombea wetu kwa makaratasi. Wapiga kura wetu wanaenguliwa kimyakimya na kodi ya miezi sita.

Kwa hiyo ninaleta mambo manne tuyabebe kwenye kila kikao, hata kama wazee wa chama wanaona nyumba si hoja ya jukwaani. Moja, sheria ya pango: mwisho wa malipo ya mbele uwe mwezi mmoja na amana ya mwezi mmoja. Mbili, baraza la wapangaji na wenye nyumba kila wilaya, lisilohitaji wakili. Tatu, dalali asajiliwe, na alipwe na aliyemtuma. Nne, kodi ya jengo itoke kwa mwenye jengo.

Wakati tunapigania hayo, tusaidiane. Kila tawi la Dar liwe na vijana wawili wanaojua vyumba vilivyo wazi mtaani kwao, ili kamanda anayekuja kutoka mkoani asianzie mikononi mwa dalali. Daini mkataba wa maandishi na risiti kila mnapolipa, hata mwenye nyumba akinuna. Wenye vyumba viwili, mpokeeni mgeni miezi yake miwili ya kwanza, apate mshahara wake, asimame.

Na wewe unayesoma hii kwenye daladala, umesimama, bado vituo kumi na tano: piga hesabu yako kama nilivyopiga yangu. Andika hapo chini saa yako wanainunua shilingi ngapi. Tukizikusanya hizo namba, tutazipeleka jukwaani.