Mashine Haijibu

Wapo wapenzi wa muziki, hapa Kampala na kwingineko, wanaoienzi mno mashine ya ngoma ya zamani. Hatuwabezi. Roland TR-808, iliyoundwa Japani kuanzia 1980 hadi 1983, haikunasa sauti ya ngoma yoyote: mlio wake ulizaliwa katika umeme wenyewe, na mvumo wake mzito hutikisa kifua. Huo ni uzuri usiopingika.

Lakini mashine hiyo hufuata hatua 16 zilizo sawasawa, kisha huzirudia zile zile. Haisikii wala haijibu. Ilinganishe na entenga ya Kabaka: ngoma 15, wapigaji sita, wanne kati yao hugawana ngoma 12 zilizolinganishwa sauti, kila mmoja akijaza pengo la mwenziwe. Kasri la Mengo liliposhambuliwa mwaka 1966, entenga ilinyamaza. Miongo ilipita kabla James Isabirye wa Chuo Kikuu cha Kyambogo hajaongoza juhudi za kuifufua, vijana wakifundishwa na mzee aliyeipiga kasrini.

Aibu iko hapa: chombo cha 1980 tunakiita urithi, na entenga tuliiacha ikaribie kuzikwa na wazee wake! Walimu wenzangu, katika Kiswahili ngoma ni chombo, ni uchezaji, ni mkutano wa watu. Mashine imelichukua la kwanza tu. Na itumike, lakini kama mtumishi. Mwanafunzi na aanze kwa ngozi na fimbo, karibu na mwenziwe. Mwacha mila ni mtumwa.