Kivinjari Chako Kimetekwa Nyara, na Kosa Si Lako

Nimechoka, wadau. Nimechoka na lile swali la mafundi wetu wa tarakilishi: "Kwani wewe ulibonyeza nini?" Mtu analeta mashine yake ya nyumbani. Kivinjari kinafungua ukurasa wa kutafutia asioujua, matangazo yanachipuka kila anapofungua tovuti, na akijaribu kurudisha Google, kesho yake imeondoka tena. Kitu cha kwanza anachopewa ni lawama. Cha pili ni bei. Cha tatu ni mashine iliyofutwa yote, pamoja na picha za harusi na kazi za shule za watoto.

Mimi ni mwandishi wa programu, na nina mambo mawili ya kubishania hapa. La kwanza, kivinjari kutekwa si ajali wala si ujinga wa mtumiaji. Ni biashara, tena iliyoandikwa na watu wa kazi yangu. La pili, kufomati mashine kwa sababu ya programu ya matangazo ni sawa na kubomoa nyumba kwa sababu ya kunguni. Dawa ipo, ni ya bure, na mara nyingi inahitaji jioni moja tu.

Pesa inatoka wapi?

Kila unapotafuta kitu mtandaoni, matokeo huja na matangazo, na anayekuelekeza kwenye ukurasa ule anaweza kulipwa fungu lake. Kwa hiyo mtu akifanikiwa kubadilisha ukurasa wako wa kutafutia, wewe umegeuka ng'ombe wake wa maziwa. Hahitaji kukuibia M-Pesa. Anakukamua senti moja moja, akijumlisha na wengine maelfu kwa maelfu. Upande wa pili kuna malipo kwa kila usakinishaji: mwenye programu ya bure anaifunga pamoja na ile ya matangazo, kisha analipwa kwa kila mashine inayoingiwa.

Hili nalijua kwa karibu. Niliwahi kuwa na kijiprogramu changu kidogo cha bure, na kampuni moja ya ng'ambo ikaniandikia barua pepe tamu: tupe kisakinishaji chako, tutakiongezea "ofa", nawe utalipwa kila mtu akipakua. Nilikataa. Lakini jiulizeni, barua ile ilitumwa kwangu peke yangu? Wangapi walikubali?

"Si ulikubali mwenyewe?"

Hapa ndipo wanapojificha: eti kisanduku kilikuwa na tiki, nawe ukabonyeza kuendelea, basi umeridhia. Hebu tuangalie rekodi.

Kwa miaka kadhaa, kisakinishaji cha Java cha kampuni ya Oracle kilikuja na upau wa zana wa Ask, kisanduku kikiwa kimeshatiwa tiki. Mwaka 2013 mwandishi wa teknolojia Ed Bott alionyesha kwamba kisakinishaji cha upau huo kilingoja dakika 10 baada ya Java kumaliza ndipo kikaanza kazi yake. Dakika kumi! Mtu aliyegundua kosa lake na kukimbilia orodha ya programu ili aondoe, hakukuta kitu. Mwenye nia njema hangoji mwenye nyumba alale.

Mwaka 2011 mwandishi wa Nmap, programu inayoheshimiwa na watu wa usalama wa mitandao, alilalamika hadharani kwamba tovuti ya Download.com ilikuwa imeifunga programu yake ndani ya kisakinishaji chenye upau wa zana. Mwaka 2015 yakawa yale yale SourceForge, na GIMP ya Windows. Sasa niambieni: mtumiaji aliyekwenda kwenye tovuti kubwa na maarufu, akapakua programu halali, alikosea wapi?

Tena kuna wasiopakua chochote. Kati ya 2014 na mwanzo wa 2015, Lenovo iliuza baadhi ya vipakatalishi vikiwa na Superfish ndani, programu ya kupachika matangazo kwenye kurasa. Ili ifike hata kwenye tovuti salama, iliweka cheti chake cha usalama katika Windows, na ufunguo wa siri wa cheti hicho ulikuwa mmoja kwa mashine zote. Maana yake, aliyeupata ufunguo ule angeweza kujifanya benki yako nawe ukaona kile kikufuli cha usalama kama kawaida. Mtaalamu mmoja aliuvunja mara tu habari zilipotoka Februari 2015. Mwaka 2017 Lenovo ilikubali kulipa dola milioni 3.5 kwa majimbo 32 ya Marekani. Aliyenunua mashine mpya dukani alibonyeza nini?

Na hapa Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa iwe ya wazi, ya hiari, mahususi, na ya mtu aliyefahamishwa, kwa kauli au kwa tendo dhahiri. Unachotafuta mtandaoni na tovuti unazotembelea ni habari zako binafsi. Tiki aliyoiweka mwingine kabla wewe hujafika si tendo lako. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018 nayo inakataza kuvuruga mfumo wa mtu bila idhini. Najua mtasema wenye programu hizi wako ng'ambo, polisi wetu watawafikia wapi? Sawa. Lakini tusiwasaidie kazi kwa kumtwika aliyeibiwa lawama.

Sasa tusafishe

Nitawapa hatua, na katika kila hatua angalieni kitu kimoja: mahali walipojificha. Programu halali ina mlango mmoja wa kutokea. Hii ina saba. Mpangilio ni muhimu pia, kwa sababu ukianza na kivinjari, programu mama iliyobaki ndani ya Windows itarudisha uchafu wote.

1. Nakili kwanza picha na hati zako kwenye flashi au diski ya nje. Nyaraka tu, si visakinishaji.

2. Fungua mipangilio ya Windows, sehemu ya programu, uzipange kwa tarehe ya kusakinishwa. Matatizo yalianza lini? Tazama vilivyoingia siku hiyo. Ondoa usivyovijua, ila usiguse madereva ya mashine wala vitu vya Microsoft usivyovielewa. Jina likikutatiza, litafute kwanza kwa kutumia simu. Soma kila swali linaloulizwa wakati wa kuondoa. Baadhi huuliza kwa kupindua, "Je, ungependa kubaki salama?", na ukijibu ndiyo umeibakiza.

3. Katika Chrome, andika chrome://policy kwenye sehemu ya anwani. Kama menyu inasema kivinjari kinasimamiwa na shirika lako, nawe uko sebuleni kwako Githurai na huna shirika lolote, wamekushika hapo. Nguvu hii iliwekwa kwa ajili ya ofisi na shule, nao wanaitumia kulazimisha kiendelezi kisicho na kitufe cha kuondoa. Amri zenyewe hukaa katika rejista ya Windows, chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome. Hifadhi nakala ya rejista, kisha futa kile cha kigeni tu. Kama ni mashine ya kazini, usiguse, muulize mwenyewe.

4. Sasa nenda chrome://extensions, au about:addons kwa Firefox. Ondoa kila kiendelezi usichokitumia. Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko matangazo yenyewe: kiendelezi chenye ruhusa ya kusoma na kubadilisha data katika tovuti zote kinaweza kuona unachoandika iTax, eCitizen na kwenye benki. Kikulacho ki nguoni mwako.

5. Bofya kwa kitufe cha kulia ile ikoni ya kivinjari, fungua sifa zake, usome njia ya faili. Inapaswa kuishia chrome.exe na alama ya kunukuu. Ukikuta anwani ya tovuti imeunganishwa baada ya hapo, ifute. Ujanja huu ni wa kale na bado unafanya kazi, kwani mtu hubadilisha mipangilio mara mia na hatazami ikoni.

6. Fungua Task Scheduler ya Windows. Kazi yenye jina la ovyo inayofungua kivinjari au faili ndani ya AppData kila unapowasha mashine ndiyo inayokurudishia ugonjwa. Izime. Ukiwa huko, angalia pia kwamba hakuna proksi iliyowekwa katika mipangilio ya mtandao, na kwamba faili ya hosts, iliyo C:\Windows\System32\drivers\etc, haina majina ya tovuti usizozijua.

7. Rudi kwenye kivinjari. Futa ruhusa za arifa ulizozipa tovuti ngeni. Mengi ya matangazo yanayotokea pembeni mwa skrini siku hizi si programu hata kidogo, ni arifa. Kisha rudisha mipangilio ya kivinjari kuwa ya mwanzo. Kama unatumia usawazishaji wa akaunti, uzime kabla ya kuanza usafi na uuwashe mwisho, la sivyo kiendelezi kitashuka tena kutoka mtandaoni.

Baada ya hayo, pitisha AdwCleaner, ambayo ni ya bure na tangu 2016 iko chini ya Malwarebytes. Ipakue kwa wenyewe tu, maana kuna tovuti zinazokuuzia dawa ya sumu zilizokupa. Ile zana ya kusafisha iliyokuwa ndani ya Chrome iliondolewa 2023, kwa hiyo mwongozo wowote unaokutuma kuitafuta umepitwa na wakati. Mwisho kabisa, badilisha nywila zako: barua pepe kwanza, kisha benki. Fanya hivyo kwa mashine iliyo safi.

Kwa mafundi wenzangu

Kufomati kuna wakati wake. Mashine ikiwa na programu ya kuiba nywila, au ikibaki mgonjwa baada ya hatua zote hizi, fomati bila huruma, baada ya kuokoa nyaraka. Sikatai. Ninachokataa ni kufomati kama jibu la kwanza kwa sababu ni rahisi kwako. Unaweka Windows upya, unaenda kuchota chai, unarudi kuchukua shilingi elfu moja mia tano.

Na kuna dhambi kubwa zaidi. Baada ya kufomati, fundi anachomeka flashi yake na kuweka Office ya wizi pamoja na kile kijiprogramu cha kuvunja leseni. Kabla ya kukiweka anazima ulinzi wa Windows, kwa sababu unakipigia kelele. Umemrudishia mteja mashine isiyo na mlinzi, ndani yake umeweka programu ya mtu usiyemjua, yenye mamlaka yote. Mwezi ujao akirudi na matangazo, unamuuliza alibonyeza nini! LibreOffice ni ya bure na ni halali. Mwekee hiyo.

Kwa waandishi wa programu, najua njaa. Najua programu ya bure hailipi kodi ya nyumba. Omba michango, uza toleo kamili, fanya kazi za mikataba. Lakini kama kisakinishaji chako kinahitaji mtu asisome ndipo upate pesa, hujauza programu. Umemuuza mtu aliyekuamini.

Nawe msomaji, fundi akikuuliza ulibonyeza nini, mwambie ulibonyeza pale palipoandikwa kuendelea, kama watu wote. Kisha mwambie akuonyeshe ile orodha ya kazi zilizopangwa, na sera za kivinjari, na njia ya faili kwenye ikoni. Akikataa kutazama na kukimbilia kufomati, beba mashine yako mwende nyumbani. Hatua unazo.