Chuo gani kwa kijana mzito wa kusoma?

Neno "chuo" kwetu sisi watu wa pwani lilianza kwa maalim wa Kurani, kabla halijawa la majumba makubwa ya masomo ya juu. Tulikaa jamvini wakubwa kwa wadogo, kila mmoja na somo lake. Huyu yuko kwenye alifu na be, yule amefika Tabaraka, na wa tatu mwaka mzima yu katika juzuu ya Amma. Maalim alimwita kila mtoto akamsomea peke yake, na aliyeshindwa alirudi kesho kwa somo lile lile. Fimbo ilikuwapo, sitasema haikuwapo. Lakini mzito hakuachwa nyuma kwa kuwa wenzake wamekwenda mbele.

Nayakumbusha haya kwa sababu ya swali aliloniuliza mama mmoja wa hapa Mariakani, ambaye mwanawe amemaliza shule juzi. "Maalim," alisema, "huyu mwanangu akili anayo. Lori likizimika barabarani, yeye ndiye huitwa. Lakini mpe karatasi asome, jasho lamtoka. Nimpeleke chuo gani?"

Afadhali yeye ameuliza. Wengi huwaficha vijana kama huyo, au huwapeleka kuzinguliwa. Mimi dua siikatai. Lakini kijana mwenye macho mazima na akili timamu, anayehangaika na herufi miaka nenda miaka rudi, huenda ana shida ambayo wataalamu huiita disleksia. Si jini, wala si uvivu, na miwani haiiondoi.

Wazazi wetu wengi huchagua chuo kwa jina. Wataka kusema msikitini kwamba kijana yuko chuo kikuu fulani, na kile chuo cha ufundi cha kaunti kilicho karibu na nyumbani wakionea haya. Ajabu ya mambo, wazee wetu hawakuwa na haya hiyo. Ile Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, iliyoanzishwa miaka ya mwisho ya 1940, iliwafunza vijana wa Kiislamu ufundi wa mikono. Ndiyo iliyokuja kuwa Politekniki ya Mombasa mwaka 1972, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Jina lile kubwa lilianzia karakanani.

Wengine husema kijana apelekwe chuo cha walemavu. Kipi? Machakos kuna chuo cha ufundi cha wasioona, na Karen, Nairobi, kuna cha viziwi. Kijana wetu huyu aona na asikia. Itambidi asome pamoja na wenzake wa kawaida, na hapo ndipo penye kazi ya kuchagua.

Basi nilimwambia yule mama aende na mwanawe, asiende peke yake, na kabla ya kuingia ofisini waombe kuiona karakana. Atazame mwalimu anavyofundisha. Je, huonyesha kwa mkono kisha akamwachia mwanafunzi ajaribu, au huandika ubaoni saa nzima na vijana wananakili? Mwanafunzi akikosea, hufanywaje? Darasa lina watu wangapi? Je, yupo mwalimu hata mmoja aliyesomea elimu maalumu? Tangu mwaka 1986 ipo taasisi Kasarani, KISE, inayowafundisha walimu kazi hiyo, kwa hiyo kuuliza hivyo si kumtukana mtu. Mkuu wa chuo akikasirika kwa maswali haya, yeye mwenyewe amekwisha kujibu.

Jambo la pili ni mtihani, na hapa ndipo vijana wengi huangukia. Kazi waijua, karatasi ndiyo inayowashinda. Majaribio ya gredi ya NITA, kuanzia gredi ya 3 kwenda juu, hutilia mkazo kazi yenyewe, na kijana wa makanika aweza kuonyesha alichonacho. Penye karatasi, aombewe muda wa ziada au mtu wa kumsomea maswali. Maombi hayo hayafanywi asubuhi ya mtihani! Yataka ripoti ya kituo cha tathmini cha elimu, ambacho mzazi ataelekezwa na ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yake, na ripoti hiyo ifike chuoni siku ya kujiandikisha. Mzazi anayeificha ili kijana akubaliwe amemfungia mlango wa ndani baada ya kumfungulia wa nje.

Tena asiambiwe kwamba ulemavu ni wa magongo na fimbo nyeupe tu. Sheria ya watu wenye ulemavu ya 2003, iliyotangulia hii ya 2025, ilitaja kutoweza kujifunza pamoja na kutoona na kutosikia, na Katiba ya 2010, kifungu cha 54, yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuingia katika taasisi za elimu pamoja na jamii nzima.

Yule mama aliniuliza kama si aibu kuyasema hayo yote mbele ya mwalimu mgeni. Nilimjibu kwamba Nabii Musa, alipotumwa kwa Firauni, alimweleza Mola wake uzito wa ulimi wake akamwomba nduguye Haruni awe msaidizi, na akapewa.