Usimlaumu Mama wa Masisi

Siku barabara ya Sake inapopitika, wilaya nzima ya Masisi huonekana kwenye soko la Virunga mjini Goma. Viazi vimefika na udongo wake, maharage ya kila rangi yamemwagwa kwenye maturubai, maziwa yako kwenye madumu ya njano, na jibini ya mviringo, ile ambayo hata watu wa Kinshasa huiagiza, imepangwa mezani. Anayeitazama mali hiyo hupata urahisi wa kusema lile linalosemwa kila siku mjini: Masisi kuna kila kitu, basi mtoto wa kule akidumaa ni kosa la mama yake. Anauza maziwa na kumpa mtoto viazi vitupu. Hajui kulisha.

Maneno hayo husemwa kwenye semina za lishe na kwenye mahubiri. Husemwa hata na muuguzi anayemzungushia mtoto utepe wa kupimia mkono, mama akiwa amesimama hapo hapo ameinamisha kichwa. Yanamuumiza mtu aliyekwisha kuumia, na yanaelekeza pesa na jitihada mahali pasipo na ugonjwa.

Tatizo lenyewe ni kubwa kweli. Uchunguzi wa taifa wa afya na idadi ya watu wa 2013 na 2014 ulikuta kwamba asilimia 43 ya watoto wa Kongo walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kivu Kaskazini, jimbo la Masisi linalolisha majirani zake, walikuwa zaidi ya nusu. Hapo ndipo mtu alipaswa kusita na kujiuliza. Mashamba yangekuwa ndiyo dawa, Kivu ingekuwa ya mwisho kwenye orodha hiyo. Tena Walikale, wilaya jirani, hawali kama Masisi. Kule ni msitu: mihogo, sombe, ndizi, nyama ya porini ikipatikana, na ng'ombe ni wa nadra. Wilaya mbili zenye vyungu tofauti kabisa, na watoto wanaofikishwa vituo vya afya ni wale wale.

Asije mtu akasema makala haya yanakana njaa. Njaa ipo. Tangu vita vya waasi wa M23 viliporudi, watu wa Kitchanga, Mweso, Sake na Masisi-kati wamekimbia mashamba yakiwa na mazao, na mwaka 2025 vita vikafika hadi Walikale-kati. Mtoto asiyekula hawezi kukua. Kinachopingwa hapa ni ile imani kwamba akila tu, basi atakua.

Malawi kulifanyika jambo linaloivunja imani hiyo vizuri kuliko hoja yoyote. Watafiti walifuatilia jozi 317 za pacha tangu utotoni, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013 katika jarida la Science. Pacha hula chungu kimoja, hulala kitanda kimoja, hunyonya mama mmoja. Hata hivyo, katika jozi nyingi mmoja alipatwa na utapiamlo, pengine akavimba miguu na uso kwa kwashiorkor, huo ugonjwa ambao Kivu unaitwa bwaki, na mwenzake akabaki mzima. Vijidudu vya tumboni mwa mtoto aliyevimba vilipopandikizwa katika panya wanaolishwa chakula cha Kimalawi, panya walikonda vibaya. Vile vya pacha aliye mzima havikuleta balaa hilo. Huyo mama wa pacha alikosea kumlisha yupi?

Jibu liko ndani zaidi ya sahani. Ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba una unene wa seli moja tu, na seli hizo hubadilishwa kila baada ya siku chache. Umejaa vijidole vidogo vinavyonyonya chakula, na kati ya seli na seli kuna viungio vinavyofunga njia. Mtoto anapomeza vijidudu vya mavi kila siku, hata bila kuugua waziwazi, vijidole hivyo hulala kama nyuzi za zulia lililokanyagwa miaka mingi, na viungio hulegea. Hapo hutokea mambo mawili kwa pamoja. Chakula kinapita bila kunyonywa, na vipande vya vijidudu vinavuja kuingia mwilini, navyo huuamsha mwili kupigana usiku na mchana. Nguvu iliyokuwa iende kwenye mifupa inaishia vitani. Huo ndio utumbo unaovuja, na madaktari wanaupima: mtoto hunyweshwa sukari mbili, moja ya chembe ndogo inayopita kihalali, nyingine ya chembe kubwa isiyotakiwa kupita, kisha mkojo wake unapimwa. Ile kubwa ikionekana kwa wingi, ukuta umetoboka.

Huko Gambia, mwaka 1991, watafiti waliotumia kipimo hicho walionyesha katika The Lancet kwamba uharibifu wa utumbo ungeweza kueleza asilimia 43 ya kuzorota kwa ukuaji wa watoto wachanga waliowafuatilia. Na tusije tukadhani ni jambo la damu au kabila. Miaka ya 1960 vijana wa Kimarekani wa kujitolea wa Peace Corps, walioshiba tangu kuzaliwa, waliishi Pakistan kama wenyeji wanavyoishi, na matumbo yao yakageuka vivyo hivyo. Waliporudi kwao yakapona.

Kwa Kivu hatuna haja ya kwenda mbali. Huko Walungu, Kivu Kusini, watafiti wa mradi wa REDUCE walikaa na familia za vijijini wakiwatazama watoto wadogo saa hadi saa: wanashika nini, wanatia nini mdomoni. Waliona kwamba kutia mdomoni mavi na vitu vichafu, na kugusana na wanyama, kunaendana na kuharisha na ukuaji mbaya.

Sasa tuingie uani kwa mama wa Masisi. Mtoto wa miezi kumi anatambaa kwenye udongo uliolowa mvua. Kuku wamepita hapo asubuhi. Anaokota kijiti, anakinyonya, anakitupa, anaokota kingine. Jikoni, chini ya mafiga, wanakimbia simbilisi, wanaoitwa dende na wengi hapa Kivu, na vinyesi vyao vidogo vimetapakaa kwenye sakafu ya udongo ambako mtoto atakalishwa kula uji wa sosoma. Uji ni mzuri. Mama ameupika vizuri. Mkono wa mtoto ndio unaobeba ugonjwa.

Na kwa nini dende wako jikoni? Kwa sababu ya vita. Ng'ombe huswagwa mchana kweupe, mbuzi huchukuliwa na yeyote mwenye bunduki, lakini mnyama mdogo anayefichwa gizani karibu na moto huponea. Mama aliyefanya hivyo ametumia akili kulinda nyama na ada ya shule. Leo anaambiwa hajui kulea.

Waliokimbilia kambi za Goma, Bulengo na Lushagala kwa mfano, waliwekwa juu ya mawe ya volkano ambako kuchimba choo ni kazi ya sululu, hema likigusa hema, na kipindupindu kikawafuata huko huko. Februari 2025, baada ya M23 kuuteka mji, waliamriwa kuondoka kambini. Wengi walirudi kwenye nyumba zilizobomolewa. Huko Walikale, kwenye machimbo, watu huishi kwa maelfu vibandani bila choo, kwenye vijito vya tope. Bisie ya wachimbaji wadogo, ile ya safari ya miguu ndani ya msitu kutoka Njingala, ilikuwa mji mzima usio na bomba la maji. Mtoto aliyekulia hapo ungempa jibini ya Masisi kila siku, sehemu yake ingepotea njiani.

Kuna upotoshaji mwingine unaofaa kukemewa hapa, kwa sababu umelichukua jina la ugonjwa huu na kulitia sokoni. Kwenye simu za watu wa Goma na Bukavu huzunguka orodha za dalili za utumbo unaovuja: gesi, uchovu, chunusi, kusahausahau, maumivu ya viungo. Ni nani asiye na mojawapo? Chini ya orodha kuna unga wa kusafisha tumbo na namba ya kulipia. Ukweli ni kwamba kuvuja kwa utumbo kumethibitishwa katika magonjwa yanayojulikana, kama ule wa kutopatana na ngano na ule wa Crohn, na hujitokeza kwa wanywaji wa pombe kali na watumiaji wa dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, ambazo hapa kwetu hununuliwa kama pipi. Anayetaka kuutunza utumbo wake aanze kwa kuacha kanyanga na vidonge vya kila jioni. Hakuna unga uliothibitishwa kuziba ukuta huo. Na kumpiga mtoto bomba la mitishamba ili atoe uchafu ni kuukwaruza ukuta ambao tayari una jeraha. Vilevile mtu mzima anayekonda huku tumbo likiuma, mtaa ukatangaza karuho, yaani kwamba amelishwa sumu, na kumpeleka akatapishwe, anapoteza wiki ambazo angepimwa kifua kikuu, minyoo au kidonda cha tumbo.

Kwa mtoto wa Masisi dalili si gesi. Mara nyingi hakuna dalili ya kuonekana. Anacheza, anacheka, hana homa. Ana miaka minne na nguo ya mtoto wa miaka miwili inamtosha. Chanjo za matone, kama ile ya polio, hufanya kazi hafifu zaidi kwa watoto wa mazingira kama yake, na utumbo huo ulioumia unashukiwa kuwa sababu mojawapo.

Wapo watakaojibu kwamba maji na vyoo vimejaribiwa vikashindwa. Ni kweli na lazima isemwe. Bungoma, Kakamega na Vihiga nchini Kenya, utafiti uliohusisha zaidi ya akina mama 8,000 ulitoa klorini, vyoo na vifaa vya kunawia, na matokeo ya 2018 yakaonyesha kwamba watoto hawakurefuka. Zimbabwe ilipata jibu hilo hilo mwaka uliofuata. Lakini wanaoutaja utafiti wa Kenya husahau nusu ya pili: watoto waliopewa chakula cha nyongeza walirefuka kidogo tu. Somo lake ni kwamba klorini ya chupa na choo cha shimo ni hatua ndogo mno, maana kuku walibaki uani na udongo ukabaki sakafuni. Semina moja zaidi ya kuosha mikono, kwa mama anayeteka maji mtoni saa nzima mlimani, ni dharau.

Sakafu inaonekana kuwa na nguvu. Katika jimbo la Coahuila, Mexico, serikali iliweka saruji mahali pa udongo, na watafiti wakakuta minyoo, kuharisha na upungufu wa damu vimepungua sana kwa watoto. Rwanda, ng'ambo ya mpaka wetu, shirika la EarthEnable hujenga sakafu za udongo ulioshindiliwa na kupakwa mafuta yanayokauka, kwa bei ya chini sana kuliko saruji. Udongo huo Masisi tunao. Hata tiba ya utapiamlo inakiri kwamba chakula hakitoshi: mtoto mwenye utapiamlo mkali hupewa antibiotiki pamoja na plampi, ile siagi ya karanga ya tiba, na utafiti wa Malawi wa 2013 ulionyesha kwamba vifo vilipungua.

Basi mashirika yanayochapisha mabango ya kumfundisha mama kupika yahamishie sehemu ya fedha hizo kwenye bomba la maji linalofika uani, kwenye sakafu ngumu na kwenye banda la kuku lililo mbali na jikoni. Waganga wakuu wa kanda za afya waviandike vitu hivyo katika mipango yao, kwenye mstari ule ule wa plampi. Na wewe muuguzi wa Masisi au Walikale, mama akifika na mtoto mfupi, usianze kumuuliza alimpa nini kula. Muulize maji anayateka wapi, kuku wanalala wapi, na amekimbia mara ngapi tangu mtoto huyo azaliwe.